Tamarindus indica: Jina lililokosea asili, likapatia sarufi

Mwalimu mmoja wa shule ya upili hapa kisiwani Mombasa ameniletea swali ambalo nimeona lisiishie baina yetu wawili. Anafundisha Biolojia, na Kiswahili anakipenda. Katika kitabu anachokitumia darasani, mkwaju umepewa jina lake la kisayansi, Tamarindus indica. Mwalimu ameshangaa. Anasema aliwahi kusoma Kilatini kidogo, na anakumbuka vyema kwamba nomino ziishiazo kwa -us ni za kiume, na vivumishi vyake navyo huishia kwa -us. Kwa hivyo, kwa maoni yake, ilipasa iwe Tamarindus indicus. Tayari amewaagiza wanafunzi wachukue kalamu wasahihishe, na ananiomba niwazindue wachapishaji.

Wachapishaji waacheni walale, kwa sababu kitabu hakina kosa hapo. Lakini nimefurahi mwalimu ameuliza. Jina hili la maneno mawili lina kosa kubwa ndani yake, na ajabu ni kwamba kosa hilo mwalimu hakuliona. Amegusa sehemu iliyo sawa, akaiacha iliyopotoka. Tuanze na sarufi, kisha twende kwenye asili.

Kilatini kina jinsia tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike, na ya tatu ambayo si ya kiume wala ya kike. Ni kweli kwamba nomino nyingi ziishiazo kwa -us ni za kiume. Ila miti ina sheria yake. Kwa Warumi wa kale majina ya miti, ukiondoa machache, yalihesabiwa kuwa ya kike hata yakiwa na kiishio hicho hicho cha -us. Quercus, yaani mwaloni, ni neno la kike. Fagus, pinus na populus, miti ya nchi za baridi, ni ya kike pia. Neno lenyewe la mti, arbor, ni la kike. Basi Mrumi aliyetaka kuutaja ule mti wa populus wenye majani meupe alisema populus alba. Albus angelimwambia mwanamume.

Mswidi Carl Linnaeus alipochapisha orodha yake kubwa ya mimea mwaka 1753, aliifuata desturi hiyo. Ndiyo maana mforsadi ni Morus alba, na mdimu ukaja kuitwa Citrus aurantiifolia. Tamarindus halikuwa neno la Warumi, wala Cicero hakulijua, lakini kwa kuwa lilitaja mti, Linnaeus aliliingiza katika kundi la miti na kulipa kivumishi cha kike: indica. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zimeihifadhi desturi hii hadi leo. Anayeandika indicus anadhani anasahihisha, kumbe anaharibu.

Mwalimu akitaka ushahidi wa karibu, na aende Marikiti, soko letu la pale ukingoni mwa Mji wa Kale. Atakuta ukwaju, fenesi na karafuu vikiuzwa hatua chache chache. Kisha atafute majina ya miti yake. Mkwaju ni Tamarindus indica, neno la kike. Mfenesi ni Artocarpus heterophyllus, neno la kiume, kwa sababu kipande cha -carpus kimetokana na neno la Kiyunani la tunda, karpos, ambalo ni la kiume na limekuja na jinsia yake. Mkarafuu ni Syzygium aromaticum, jinsia ile ya tatu. Jinsia zote tatu za Kilatini sokoni kwetu, na mbili kati ya hizo zimevaa -us ile ile! Anayeangalia kiishio peke yake ataapa kuwa Tamarindus na Artocarpus ni ndugu wa tumbo moja. Upatanisho unasema si ndugu.

Sasa hebu tujiulize: je, jambo hili ni geni kwetu? Watu husoma habari za jinsia za Kilatini au Kifaransa wakatikisa kichwa, ati lugha hizi zina mambo. Ilhali sisi wenyewe tunafanya vivyo hivyo kila siku, bila kufundishwa.

Chukua neno mhindi. Nikisema "mhindi umekauka," kila mtu anajua nazungumzia mmea shambani. Nikisema "Mhindi amekuja," kila mtu anajua nazungumzia mtu. Umbo ni moja, kiambishi m- ni kimoja, ila upatanisho umefuata maana: mmea umekwenda ngeli ya U-I, mtu amekwenda ngeli ya A-WA. Au chukua kiboko. Yule wa mtoni "amezama", kile cha kuchapia "kimevunjika." Hakuna mtoto wa Kibokoni wala wa Kuze anayehitaji mwalimu wa kumweleza tofauti hiyo. Kijana, kipofu, ndovu, waziri: maumbo yao yanavutia huku na huku, lakini kwa kuwa ni viumbe wenye uhai, sote twasema "amekuja."

Hiyo ndiyo sarufi ya Tamarindus indica. Kwa Mswahili, uhai wa kiumbe huushinda umbo wa nomino. Kwa Mrumi, kuwa mti kuliushinda umbo wa nomino. Mwanafunzi wetu aliyezoea kusema "kijana mrefu amefika" badala ya "kijana kirefu kimefika" tayari anayo kichwani kanuni iliyozaa indica. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba anayo. Badala ya kuambiwa afute, angeambiwa atazame lugha yake.

Kuna ulinganifu mwingine, na huu wa pili ni mtamu zaidi. Warumi walikuwa na njia ya kuutenganisha mti na tunda kwa kugeuza jinsia tu. Pirus, neno la kike, ni mti. Pirum, jinsia ya tatu, ni tunda lake, lile linaloitwa pea. Malus ni mti wa tofaa la Ulaya. Malum ni tofaa lenyewe. Mzizi haubadiliki, kinachobadilika ni kiishio na kundi la kisarufi. Na sisi je? Mwembe huzaa embe, mchungwa huzaa chungwa, mpera huzaa pera, mkwaju huzaa ukwaju. Mzizi haubadiliki, kinachobadilika ni kiambishi na ngeli. Wao walifanya kazi hiyo mkiani mwa neno, sisi twaifanya kichwani mwake. Lugha hizi mbili hazina nasaba hata kidogo, lakini zote mbili ziliona kwamba mti na tunda ni vitu viwili vya ukoo mmoja, zikavipa majina ya ukoo mmoja. Kiingereza hakina chombo hicho. Kikishataja tunda, hulazimika kuongeza neno zima la mti.

Na chombo chetu hakichagui. Neno likija kutoka Arabuni, Ureno au Bara Hindi, Kiswahili hulivika m- na kulipandia mti: mzabibu, mkarafuu, mpera, mfenesi. Pera Wareno walilitumia kwa tunda jingine kabisa; fenesi asili yake ni lugha za magharibi ya India. Hayo hayakutuzuia. Walivyofanya wanazuoni wa Kilatini kulichukua neno la Kiarabu na kulibandika -us mwishoni, ndivyo walivyofanya wahenga wetu kwa kulibandika m- mwanzoni. Kila lugha humvisha mgeni kanzu ya kwake.

Hapo nimekwisha kulitetea jina. Sasa nalishitaki.

Tamarindus limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya Hindi. Katika Kiarabu, hindi ni kivumishi kinachopatana na tamr. Matabibu wa Kiarabu na wa Kiajemi waliujua ukwaju kama dawa ya tumbo, na Ibn Sina aliutaja katika kitabu chake cha utabibu, Al-Qanun. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini mjini Toledo, Uhispania, katika karne ya 12, na Gerard wa Cremona. Kwa njia kama hizo za vitabu vya tiba, neno liliingia Ulaya. Lilipofika huko, masikio hayakusikia tena maneno mawili. Tamr na hindi yalishikana yakawa neno moja, tamarindus, na Uhindi ukafichwa tumboni mwa neno.

Akaja Linnaeus. Neno analo, lakini mtindo wake unadai kila mmea uwe na majina mawili: la jenasi na la spishi. La pili aliloliweka ni indica, "wa India." Kwa hivyo tukilifasiri jina zima kwa Kiswahili, tunapata "tende ya India ya India." India imetajwa mara mbili, kama tunavyosema Mlima Kilimanjaro ilhali wengi wetu twaisikia kilima mle mle ndani ya jina.

Na mti wenyewe? Wataalamu wengi wa mimea wanakubaliana kwamba asili yake ni Afrika ya joto na visiwa vilivyo jirani, Madagaska ikiwamo. Ulifika Bara Hindi zamani sana, ukazoea, ukapendwa, ukawa kama umezaliwa huko. Hapa Kenya mkwaju humea wenyewe, bila kupandwa na mtu, kuanzia nyuma ya pwani yetu hadi nyika za Tsavo na Ukambani na hata Baringo. Wakamba huuita kikwasu, jina ambalo sikio la Mswahili haliwezi kukosa kulisikia. Sitajenga nyumba nzima juu ya nguzo hiyo moja, lakini neno lenye sura hiyo, linalokaa kwetu pwani na kwa majirani wa bara, halina harufu ya jahazi la kutoka Bombay.

Kwa nini basi Waarabu wakausingizia Uhindi? Kwa sababu walikutana na tunda kabla ya kukutana na mti. Ukwaju uliwafikia ukiwa umemenywa na kushindiliwa, mweusi, unata kama tende, na bandari walizoununulia zilikuwa za Hindi. Mfanyabiashara huliita jambo kwa jina la pale aliponunulia. Ulaya nayo ikaupokea hivyo hivyo, dawa ndani ya chupa. Ndiyo maana katika neno tamarindus mti umepewa jina la tunda, na tunda limepewa jina la soko.

Tusiwacheke lakini, kwani nasi tumo. Nafaka iliyotoka Marekani ya Kati, ikaletwa pande hizi baada ya Wareno kufika, sisi tumeiita mahindi! Bata aliyekuja na wageni tumemwita bata bukini, na Bukini ni jina la kale la Madagaska. Majina ya namna hii hayatwambii kitu kilikozaliwa. Hutwambia kilipita mikononi mwa nani. Yasomwe hivyo: historia ya biashara, si cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo vitabu vyetu vinapostahili lawama. Mtoto wa Mombasa akifungua kitabu akasoma indica, na mwalimu akamfasiria "wa India," ataondoka darasani akiamini kwamba mkwaju ulio nyuma ya nyumba ya bibi yake ni mgeni na kwamba mababu zake waliungojea uletwe. Atauona hata mchuzi wa ukwaju unaomiminiwa viazi karai barabarani kuwa ni wa kuazima wote, mapishi na mti. Mapishi yamesafiri, sikatai. Mombasa haikuwa Mombasa bila Bara Hindi. Lakini mti ulikuwapo. Sentensi moja tu ya maelezo chini ya jina ingetosha kumtoa mtoto gizani. Sentensi hiyo haipo, na badala yake tunabishana juu ya -a na -us.

Lawama ya pili naipeleka kwa watunga kamusi, wenzangu. Kamusi ikikwambia mkwaju ni mti uzaao ukwaju, kisha ukafungua ukwaju ukaambiwa ni tunda la mkwaju, imekuzungusha mbuyu. Padri Charles Sacleux, katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ya mwaka 1939, aliona umuhimu wa kuweka jina la Kilatini kando ya jina la mmea la Kiswahili. P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea wa kituo cha Amani kule Tanga, aliandaa kamusi nzima ya majina ya mimea ya Kiswahili na ya Kilatini, iliyotoka kwa toleo la pili mwaka 1940. Hao walikuwa wageni. Walijua kwamba jina la mtaani pekee laweza kumpoteza msomaji: mkungu kwa mtu wa Mombasa ni ule mti wa kivuli wenye kungu, na kwa mtu mwingine ni mkungu wa ndizi. Jina la Kilatini hukata shauri. Ni Terminalia catappa, hakuna mjadala. Kamusi za wenyeji zisikubali kuwa nyuma ya kamusi za wageni kwa jambo jepesi kama hili.

Ila Kilatini nacho kina mpaka wake. Tamarindus indica hutwambia ni mti gani, basi. Huwezi kusema nimepanda Tamarindus indica kumi bila sentensi kuchechemea, kwa kuwa jina hilo katika sayansi halina wingi. Huwezi kulitumia kwa kinywaji unachofuturia. Kiswahili kinao mkwaju mmoja na mikwaju kumi, kinao ukwaju unaolowekwa, kinayo hata ile mikwaju wanayochapwa watukutu, ambayo inaelekea ilianza kwa fimbo za mti huu, kisha wachambuzi wa kandanda wakaipeleka uwanjani ikawa mikwaju ya penalti. Mzizi mmoja, na viambishi vikafanya kazi yote hiyo.

Chombo hicho ndicho kinachonipa wasiwasi, kuliko kosa la -us. Nasikiliza vijana wa mjini siku hizi, na wengine ni wanafunzi wangu wa chuo kikuu. Wanasema "mti wa maembe," "mti wa machungwa," "mti wa ukwaju." Wanaeleweka, naam. Lakini wameliacha jina wakachukua maelezo, na maelezo hayo yamekatwa kwa kitambaa cha Kiingereza. Uhodari wa Kiswahili, ule uliokifanya kilingane na lugha ya Virgil katika pirus na pirum, unawadondoka bila wao kuhisi. Leo "mti wa ukwaju," kesho itakuwa "tunda la mti wa ukwaju," na hapo tutakuwa tunazunguka msikiti mzima kuutafuta mlango.

Wazee wetu hawakuwa na haja ya kuzunguka. Waliitazama miti wakaita mitaa kwayo: Mwembe Tayari, Mwembe Kuku. Unguja na Dar es Salaam kuna Mkwajuni. Hebu jaribu kumwambia kondakta wa matatu akushushe Mti wa Embe Tayari, uone atakavyokutazama.

Kwa hivyo rai yangu kwa walimu ni nyepesi. Indica ibaki kama ilivyo, kwa sababu sarufi yake ni sahihi. Pembeni yake iandikwe kwamba India iliyotajwa humo ni ya sokoni, na kwamba mti ni wa Afrika. Na juu ya yote mawili, kwa herufi kubwa kuliko za Kilatini, liandikwe neno ambalo mtoto alilikuta nyumbani: mkwaju, wingi wake mikwaju, tunda lake ukwaju. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini mhindi umekauka na Mhindi amekuja hatashindwa na Kilatini.